Kocha Anayekaa na Kocha Anayepita

Januari 2016 Rwanda ilikuwa mwenyeji wa CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wanaocheza ligi za nchini mwao, na kundi la Zambia, Mali, Uganda na Zimbabwe likapelekwa Gisenyi, kwenye uwanja wa Umuganda ambao siku nyingine zote ni nyumbani kwa Etincelles na Marines. Uganda ilitoka sare ya 2–2 na Mali uwanjani hapo, na aliyeliongoza benchi lake la ufundi alikuwa Milutin Sredojević, Mserbia ambaye Afrika Mashariki nzima inamwita Micho. Miaka mitatu tu kabla ya siku hiyo alikuwa kocha wa Amavubi, timu ya taifa ya Rwanda. Mpenzi wa soka haoni ajabu katika hilo. Kocha wa mpira huishi kwa mikataba mifupi, na nchi iliyomfukuza jana inaweza kumpokea kesho akiwa upande wa pili.

Tumweke kando yake Eddie Robinson, kocha wa futiboli ya Kimarekani. Alizaliwa mwaka 1919 huko Jackson, Louisiana, mtoto wa mkulima aliyelima ardhi ya mwingine kwa kugawana mavuno. Mwaka 1941, akiwa na miaka 22 na akifanya kazi katika kiwanda cha chakula cha mifugo, aliajiriwa na chuo cha Weusi cha Grambling kuifundisha timu yake. Aliondoka mwaka 1997. Katika kipindi hicho chote ni misimu miwili tu, ya 1943 na 1944, ambayo chuo hakikuwa na timu kwa sababu ya vita. Alishinda mechi 408. Miaka ya mwanzo alikata nyasi za uwanja mwenyewe, akawafunga wachezaji bandeji za vifundo vya miguu, na mechi ikiisha akaandika habari zake kwa ajili ya magazeti. Hata alipokuwa maarufu, asubuhi alipita mabwenini na kengele kuwaamsha vijana wake waende darasani.

Sehemu ya tofauti hii imo ndani ya michezo yenyewe. Futiboli ya Kimarekani husimama kila baada ya sekunde chache, na kila inaposimama benchi huchagua shambulizi linalofuata na kila mchezaji hujua hatua zake. Kocha yumo ndani ya mchezo hadi mwisho. Elimu yake ni mfumo mzima wa mipango ambao kijana huhitaji miaka kuuzoea, na timu inayombadili kocha hulazimika kuanza upya. Soka, kinyume chake, hutiririka dakika 45 bila kituo. Kocha anaweza kupaza sauti, kubadili wachezaji, na kuzungumza wakati wa mapumziko. Yanayobaki huamuliwa na miguu na akili za vijana walio uwanjani. Kwa hiyo kocha hodari wa soka anaweza kufika leo, akapanga safu yake ya ulinzi, akarudisha imani ya wachezaji, na matunda yakaonekana katika mwaka mmoja au miwili.

Upande wa tatu uko Iten, Kenya. Mwaka 1976 Bruda Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, alifika shule ya St Patrick's kufundisha jiografia. Hakuwa amesomea ukocha wa riadha. Alijifunza kwa kuwatazama wanafunzi wakikimbia, na kutoka mikononi mwake akatoka Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 mwaka 1988, kisha, baada ya miaka mingi, David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 mjini London mwaka 2012. Katika mbio kocha hana neno kabisa pindi bunduki inapolia. Robinson aliamrisha kila hatua ilhali O'Connell alilazimika kunyamaza katika dakika iliyokuwa na uzito kuliko zote. Hata hivyo kila mmoja wao alikaa mahali pamoja kwa miongo kadhaa. Hapa ndipo maelezo ya aina ya mchezo yanapofikia kikomo chake.

Kilichowaunganisha wawili hao ni shule. Shule humpokea kijana kabla hajawa mshindi na humhesabia mengine zaidi ya ushindi: masomo, adabu, afya. Kocha wa shule akipoteza msimu mmoja, bado ana kazi. Kocha wa timu ya taifa ameajiriwa na shirikisho linalosoma jedwali la pointi, na mashabiki wanaolisoma pamoja nalo.

Lakini kukaa kwa Robinson tusikupambe kupita kiasi. Vyuo vikuu vya Kusini mwa Marekani vilikuwa vimewafungia milango wachezaji Weusi, ndiyo maana vipaji vikubwa vilielekea Grambling. Na milango ya juu ilimfungia yeye pia: tangu miaka ya 1920 ligi kuu ya kulipwa haikuwa na kocha mkuu Mweusi hadi Art Shell alipopewa timu ya Raiders mwaka 1989, wakati Robinson alikuwa ametimiza miaka 70. Uaminifu wake kwa chuo ulikuwa wa kweli, na ukuta uliomzunguka ulikuwa wa kweli vilevile. O'Connell alikaa kwa nadhiri aliyoichagua. Micho anahama kwa sababu soko la kazi yake liko wazi, na uwazi huo ni uhuru ambao Robinson hakuwahi kuupata.

Kocha anayepita naye ana mchango wake, na Rwanda inaufahamu. Ratomir Dujković, Mserbia mwingine, ndiye aliyeipeleka Amavubi kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) nchini Tunisia mwaka 2004, baada ya magoli ya Jimmy Gatete kuziangusha Uganda na Ghana mwaka 2003. Huko Tunisia timu ilifungwa na wenyeji, ikatoka sare na Guinea, ikaifunga Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 1–0. Kisha Dujković akaenda Ghana, nchi aliyoizuia, akaipeleka kwenye Kombe la Dunia la 2006, la kwanza kwa nchi hiyo. Micho naye aliiongoza Uganda kufuzu AFCON ya 2017, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1978. Florent Ibengé, aliyeitwaa CHAN ya 2016 na Kongo hiyohiyo, alishinda Kombe la Shirikisho mwaka 2022 akiwa na RS Berkane ya Morocco, kisha akaifundisha Al Hilal ya Sudan. Mtu mmoja hubeba alichojifunza katika nchi moja akakitumia katika nyingine, na hivyo soka la bara zima hujifunza.

Ila Rwanda haijarudi AFCON tangu 2004, na hapo mizani inaegemea upande mwingine. Doug Williams, mwanafunzi wa Robinson, alikuwa mchezaji Mweusi wa kwanza kushinda Super Bowl akiwa kiongozi wa mashambulizi, Januari 1988. Robinson alipostaafu, Williams ndiye aliyerithi kiti chake Grambling. Mafanikio yaliyoletwa na mgeni wa miaka mitatu yalikosa mrithi wa namna hiyo. Rwanda ilipoijaribu njia ndefu, ilionja ladha yake: vijana walio chini ya miaka 17, wakiwa na Mfaransa Richard Tardy, walifika fainali ya Afrika mwaka 2011 na kucheza Kombe la Dunia huko Mexico, kisha wakawekwa pamoja katika klabu ya Isonga ili wasitawanyike.

Kwa hiyo mji kama Gisenyi haulazimiki kuchagua mila moja na kuidharau nyingine. Kwa timu kubwa za Umuganda, mkataba mfupi una haki yake: mashabiki wanataka ushindi, na kocha mgeni huja na macho mapya. Ila kocha wa watoto wa miaka 12 asipimwe kwa jedwali hilo. Huyo anastahili walichopewa Robinson na O'Connell, yaani mshahara usiotegemea matokeo ya Jumamosi, shule iliyo nyuma yake, na miaka ya kutosha kumwona mtoto wa leo akirudi kesho kuwa kocha. Na apewe hayo bila kuta zilizomfungia Robinson, ili akikaa, awe amekaa kwa hiari yake.