Maziwa Hayaoshi Mapafu

Ukipita Mlali, wilayani Kongwa, ukaona cheche, jua kuna fundi anachomelea geti, dirisha au plau la ng'ombe. Machoni kavaa miwani ya jua. Puani hana kitu. Muulize kuhusu moshi anaovuta, atakupa jibu walilonalo mafundi wengi nchini: "Nakunywa maziwa."

Tusidhani kazi hii imekuja Kongwa na umeme wa REA. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha hapa mradi wao mkubwa wa karanga. Walileta matrekta, mengi yakiwa masalia ya vita, hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Ardhi ikawashinda. Udongo ulikula majembe, visiki vikavunja vyuma, na kabla mwaka haujaisha sehemu kubwa ya mashine zilikuwa zimelala. Mitambo iliyovunjika namna ile haifufuliwi kwa nyundo peke yake. Vyuma lazima viungwe kwa moto.

Sasa tazama tarehe. Miaka 11 kabla ya hapo, mwaka 1936, madaktari Doig na McLaughlin walishaandika katika jarida la Lancet kuhusu picha za eksirei za wachomeleaji wa umeme. Mapafu yalikuwa na madoa: vumbi la chuma lililotua ndani. Tanganyika ilipata sheria yake ya viwanda mwaka 1950. Januari 1951 mradi wa karanga ukazikwa. Maarifa yalikuwepo, ila mashine zilipanda meli kwanza.

Na moshi wenyewe si moshi wa kuni. Chuma kikiyeyuka, sehemu yake hugeuka mvuke, kisha mvuke unapoa hewani na kuwa chembe ndogo mno, zinazopita pua na koo hadi chini kabisa ya mapafu. Ukichomelea bomba au bati lenye zinki, jioni unaweza kupata homa, baridi na maumivu ya viungo, halafu kesho yake u mzima. Ni rahisi kusema ni malaria. Miaka ikipita kinakuja kikohozi kisichoisha, na nimonia inampata fundi kirahisi zaidi. Mwaka 2017 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya WHO, iliuweka moshi huu kundi moja na sigara na asbesto.

Maziwa je? Ardhi iliyoshindwa karanga iligeuzwa ranchi ya ng'ombe, na Kongwa ni nchi ya wafugaji. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanashuka tumboni. Hewa ina njia yake.

Tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na tuna mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Lakini mfuko unachangiwa na mwajiri. Fundi wa chini ya mti hana mwajiri, na kijana anayemshikia nondo hana hata mkataba. Vitabu vya Kongwa vinahesabu pauni milioni 36 zilizopotea. Mapafu hayana ukurasa.

Basi tuanze na yanayowezekana leo: achomelee nje, upepo usimletee moshi usoni, kichwa kisiinamie moshi, zinki ikwanguliwe kwanza, na avae barakoa ya kuzuia chembe, si kitambaa. Maziwa anywe kwa sababu ana njaa.