Mawingu yang'aayo usiku

Mawingu haya ndiyo yaliyo juu kuliko yote duniani. Hutanda yapata kilomita 82 kutoka ardhini, nayo ni chembechembe za barafu. Ajabu ni kwamba huonekana majira ya joto, maana ndipo anga hiyo ya juu hupoa zaidi, hata kushuka chini ya nyuzi 120 za baridi.

Yalianza kuzungumziwa sana Ulaya mnamo 1885, miaka miwili baada ya volkano ya Krakatau kulipuka. Mjerumani Otto Jesse aliyapiga picha mwaka 1887. Baadaye alilinganisha picha zilizopigwa kwa wakati mmoja kutoka vituo tofauti, akakokotoa kimo chake. Hesabu yake haijakanushwa hadi leo.

Anayeyawinda kule Scotland au Denmark hungoja Juni na Julai, jua likiwa limeshatua lakini miale yake ingali ikiyafikia huko juu. Kamera huwekwa juu ya kigoda cha miguu mitatu na kuachwa wazi sekunde chache tu, kwani ikizidi, viwimbi vyake vya rangi ya fedha na samawati huvurugika.

Mkazi wa Nairobi hayaoni: anga ya juu karibu na ikweta haipoi kiasi hicho.