Mabao Manane Yaliyoirudisha Geita Nyuma

Ndugu msikilizaji, juma lililopita kijana mmoja wa hapa Nyahanga alinisimamisha kando ya kijiwe cha bodaboda. Baada ya "Shikamoo mzee" na mimi kuitikia marahaba, akanitupia swali. "Mzee, ni kweli Geita Gold waliwahi kushinda nane bila, halafu wakashushwa daraja?" Wenzake wakacheka. Kwao ilikuwa kama hadithi ya sungura na fisi. Timu ishinde mabao manane, kisha ishuke?

Nilimjibu kwamba ni kweli tupu. Lakini kwa kuwa mambo yenyewe yana mkia mrefu, nilimwahidi kuyaeleza hapa redioni, maana nadhani si yeye peke yake asiyeyajua.

Turudi msimu wa 2015/16. Wakati huo sisi wa mkoa wa Shinyanga tulikuwa tukitembea vifua mbele. Tulikuwa na timu mbili katika Ligi Kuu: Stand United, iliyozaliwa na watu wa stendi ya mabasi pale Shinyanga mjini, na Mwadui, timu ya mgodi wa almasi. Jirani zetu wa Geita, wenye mgodi mkubwa wa dhahabu na mkoa wao mpya ulioanzishwa mwaka 2012, hawakuwa na timu huko juu. Walikuwa wakiitafuta nafasi hiyo kwa udi na uvumba.

Na tusidhani kwamba walikuwa wakitafuta sifa tu. Simba au Yanga ikija katika mji kama wetu, nyumba za wageni hujaa tangu siku moja kabla. Mama lishe huongeza sufuria, bodaboda hawapumziki, na hata muuza karanga hurudi nyumbani na sinia tupu. Kupanda Ligi Kuu ni neema inayofika mpaka kwa mtu asiyejua hata kanuni ya kuotea.

Ligi Daraja la Kwanza msimu huo ilikuwa na timu 24 katika makundi matatu, na kila kundi lilikuwa na nafasi moja tu ya kupanda. Katika Kundi C, Geita Gold na Polisi Tabora ziliingia siku ya mwisho, mwezi Februari 2016, zikiwa bega kwa bega kwa pointi. Zote zikishinda, mshindi angepatikana kwa tofauti ya mabao ya kufunga na kufungwa. Kwa maneno mengine, siku hiyo ushindi peke yake usingetosha. Ilibidi kushinda kwa mabao mengi kuliko mwenzako aliyekuwa akicheza kwingine.

Jioni matokeo yakaja. Geita Gold ilikuwa imeicharaza JKT Kanembwa mabao 8-0. Polisi Tabora nayo ilikuwa imeibugiza JKT Oljoro mabao 7-0. Ndugu msikilizaji, sisi tunaosoma matokeo ya michezo tumezoea 1-0, 2-1, na mara moja moja 4-0. Nane na saba, siku moja, kundi moja, kwa timu mbili zile zile zilizohitaji mabao! Hata asiyefuatilia kabumbu angeuliza kulikoni.

Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, nalo liliuliza. Mwezi Aprili 2016 kamati yake ya nidhamu ilitoa hukumu kwamba matokeo yale yalipangwa. Timu zote nne zilishushwa daraja, zilizoshinda pamoja na zilizoshindwa. Watu kadhaa nao walipewa adhabu, nami sina haja ya kuwataja hapa. Nafasi ya kupanda ikaenda kwa Mbao FC ya Mwanza, ambayo haikuwa ya kwanza wala ya pili katika kundi lile.

Wako waliodhani kwamba ujanja huu ni wa kwetu tu. La hasha. Mwaka 1982, katika fainali za Kombe la Dunia nchini Hispania, Algeria ilimaliza mechi zake za kundi siku moja kabla ya Ujerumani Magharibi kukutana na Austria mjini Gijón. Ushindi mwembamba wa Wajerumani ungezivusha timu hizo mbili na kuitoa Algeria. Wajerumani wakapata bao mapema, na baada ya hapo timu zote mbili zikapigiana pasi za kupitisha muda mpaka filimbi ya mwisho. Hakuna aliyeadhibiwa. Kilichofanyika ni kubadili utaratibu, ili mechi za mwisho za kundi zichezwe saa moja.

Lakini mwenye nia mbaya hazuiwi na saa. Mwaka 2013 huko Nigeria, katika ligi ya ngazi za chini, timu mbili zilikuwa zikigombea kupanda kwa tofauti ya mabao. Moja ilishinda 79-0, nyingine 67-0. Ile ya kwanza ilikwenda mapumziko ikiongoza 7-0 tu, kwa hiyo ilifunga mabao 72 katika kipindi cha pili, sawa na bao moja katika muda usiofika sekunde 40. Hata kuokota mpira wavuni na kuurudisha katikati ya uwanja huchukua karibu muda huo! Timu zote nne zilizohusika zilifungiwa miaka kumi.

Basi turudi kwetu. Ni nani aliyeumizwa na yale mabao manane? Kwanza ni mji wenyewe. Mama lishe wa Geita hakupanga matokeo. Mchimbaji mdogo aliyetoka mwaloni na vumbi lake kwenda kushangilia hakuketi katika kikao chochote. Lakini timu iliposhushwa, na wao walishushwa nayo. Wa pili ni wachezaji waliotoa jasho lao katika mechi zilizotangulia. Pointi walizozipata kwa halali zilizama pamoja na zile za siku moja ya aibu.

Wakati huo huo Mbao, waliopanda kwa mlango ambao wengi waliudharau, walionyesha kwamba hawakustahili dharau. Mwaka 2017 waliitoa Yanga katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, wakaenda Dodoma kucheza fainali na Simba, na wakafungwa 2-1 baada ya muda wa nyongeza. Washabiki wa Geita waliitazama fainali ile wakijua kwamba timu iliyokuwa uwanjani ilipanda kwa kiti ambacho wao walikipoteza.

Geita Gold ilianza upya kutoka chini. Mwaka 2019 ilifika katika mechi za mchujo za kuwania Ligi Kuu, ikazuiwa na Mwadui, jirani zetu wa almasi. Mwaka 2020 ikafika tena kwenye mchujo, ikazuiwa na Mbeya City. Mwaka huo huo Mbao nao wakateremka. Hatimaye, mwaka 2021, Geita Gold ikapanda. Hesabu mwenyewe, ndugu msikilizaji. Tangu ile hukumu ya 2016 ilikuwa imepita miaka mitano.

Na msimu uliofuata, wa 2021/22, ndio msimu ambao ningependa yule kijana wa Nyahanga aukumbuke kuliko ule wa mabao manane. Geita Gold ilikuwa ngeni katika Ligi Kuu. Ilianza kwa kusuasua na kubadilisha kocha, na kwa sehemu kubwa ya msimu iliongozwa na Fred Felix Minziro. Ligi ilipomalizika, ngeni huyo alikuwa wa nne, nyuma ya Yanga, Simba na Azam tu. Nafasi hiyo iliipeleka timu ya Geita katika Kombe la Shirikisho Afrika, ambako ilitolewa na Hilal Al Sahil ya Sudan.

Zaidi ya hayo, mfungaji bora wa ligi hakutoka Kariakoo wala Msimbazi. Alikuwa George Mpole wa Geita Gold, mwenye mabao 17, bao moja mbele ya Fiston Mayele wa Yanga. Mpole aliitwa Taifa Stars, akaifungia dhidi ya Niger mwezi Juni 2022, na baadaye akaenda kusakata soka Lubumbashi katika timu ya Lupopo.

Sasa hebu tujiulize. Ni nani leo anayewakumbuka kwa heshima wafungaji wa yale mabao manane? Mimi sijapata kumsikia mtu akijisifu kwamba alifunga siku ile. Lakini mabao 17 ya Mpole yalipatikana moja moja, mbele ya mabeki waliotaka kumzuia, na vijana wa Geita wanaweza kukusimulia mengi kati yake. Wachimbaji wetu wanalielewa jambo hili kuliko sisi wa redioni. Punje ndogo iliyopimwa kwa mizani ya haki hununua unga, lakini donge la shaba lililopakwa rangi humpeleka mwenye nalo polisi.

Najua wapo watakaosema kwamba hata huo uaminifu haukudumu na matunda, kwa kuwa mwezi Mei 2024 Geita Gold ilishuka tena daraja, pamoja na Mtibwa Sugar. Ni kweli ilishuka. Lakini safari hii ilishuka kwa kufungwa uwanjani, na timu iliyofungwa uwanjani huinua kichwa na kuanza mazoezi. Mwaka 2016 ilishushwa kwa hukumu, na kila mchezaji wa mji ule alilazimika kujibu maswali ya kosa ambalo pengine hakulitenda.

Kwa hiyo, kijana wangu wa Nyahanga, jibu lako ndilo hilo. Hata hapa kwetu, katika mashindano ya mitaa yenye zawadi ya mbuzi au jezi, husikika minong'ono ya kuuza mechi. Anayeshawishiwa auze aikumbuke Geita. Dakika 90 za udanganyifu zililipiwa kwa miaka mitano ya jasho. Wahenga walikwisha kusema kwamba njia ya mwongo ni fupi.