Jeneza Pia Lililetwa

Wasee, kila Mkenya maarufu akichomwa badala ya kuzikwa, stori ni ile ile: "Hiyo si mila ya Mwafrika." Ilisemwa 2005 kwa askofu mkuu mstaafu wa Anglikana, Manasses Kuria. Ikasemwa tena 2018 kwa Kenneth Matiba.

Sasa tuulizane, mila gani? Kwa Wakikuyu wa zamani, wengi hawakuzikwa kabisa. Mzee mwenye heshima na mali ndiye alichimbiwa kaburi. Wengine walipelekwa porini, fisi wakamaliza kazi. Kuzika kila mtu kulikuja na wamishenari na serikali ya mkoloni, na jeneza la mbao lenye vishikio vya kung'aa likaja nao. Tumelizoea tu, tukaliita letu.

Aliyelikataa waziwazi ni Wangari Maathai. Huyu ndiye alianzisha Green Belt Movement 1977 na kushinda Nobeli 2004, na alikuwa amesema hataki jeneza la mbao. Alipofariki 25 Septemba 2011, alibebwa kwenye jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji. Mwili ukateketezwa Kariokor, majivu yakawekwa kwenye taasisi yenye jina lake kule Kabete.

Lakini majivu lazima yakae mahali, na hapo ndipo naona kazi ya fundi wa mbao. Mtu mzima huacha majivu ya kilo mbili hadi tatu hivi. Kasha lenye nafasi ya ndani ya sentimita 15 kwa 15 kwa 15 hubeba karibu lita 3.4, na linatosha. Hesabu ni hiyo tu. Vile vipande fundi wa majeneza hubaki navyo, anavyowashia jiko, vinaweza kutoa kasha zima. Ila mbao iwe imekauka vizuri, kwa sababu mbichi hujikunja na kona zinaachana. Kifuniko cha juu kigundishwe kabisa, majivu yaingizwe kwa chini yakiwa ndani ya mfuko, halafu kitako kifungwe na skurubu.

Mbona najali? Mimi niliacha chuo mwaka ambao pesa ya karo iliingia kwa mazishi ya guka. Jeneza la bei, mahema, magari, chakula cha kijiji kizima. Siwalaumu wazazi. Waliogopa kuambiwa wamemtupa mzee. Lakini guka mwenyewe alipanda mgrevilea kwenye mpaka wa shamba miaka mingi, na hakuna hata ubao mmoja wa miti yake uliomsindikiza. Tulinunua mbao ya mtu mwingine, kwa deni, tukaifukia siku hiyo hiyo.

Sisemi kila mtu achomwe. Kuna dini zinakataa, na kuna mtu anataka kulala kando ya nyanyake. Sawa kabisa. Ninachokataa ni familia kufilisika ikilinda "mila" iliyoletwa juzi, kisha kumtukana anayechagua tofauti.

Hii maneno iongelewe nyumbani mkiwa wazima, si mkiwa mochari. Mimi nishasema kwetu: kasha la mgrevilea, sentimita 15, bila vanishi ya kung'aa. Mama bado hajanijibu.