Litungu, Gitaa na Tablatura: Jinsi Nyuzi Zilivyofundishwa Tarime na Serengeti

Litungu ndicho chombo cha nyuzi kinachowatambulisha Wakuria, wenyeji wa Tarime na sehemu ya Serengeti mkoani Mara. Lina nyuzi nane, zinazotoka kwenye bakuli la mti lililowambwa ngozi hadi kwenye mti wa juu unaounganisha mikono yake miwili. Zamani nyuzi hizo zilikuwa kano za ng'ombe; siku hizi nyingi ni za nailoni. Sauti yake nzito husikika harusini na kwenye sherehe za tohara.

Mstari waliokubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 uliwaacha Wakuria pande mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania wa leo, lakini litungu likabaki lao wote. Majirani zao Wajaluo, walio kando ya Ziwa Victoria, wana nyatiti, nayo ya nyuzi nane. Mpiga nyatiti huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia na kuigonga kwenye mti wa chombo. Vidole hukwanyua, mguu hushika mapigo, kinywa huimba.

Vyombo hivi havikufundishwa kwa maandishi. Kijana alikaa karibu na fundi, akatazama kila kidole kinagusa uzi upi, akarudia mpaka mkono ukazoea. Gitaa lilipoenea Afrika Mashariki baada ya Vita Kuu ya Pili, lilifundishwa kwa njia hiyohiyo, nazo sahani za santuri zikawa mwalimu wa pili. Wajaluo walihamishia kwenye gitaa ukwanyuaji wa nyatiti, na hapo ndipo benga, mtindo wao wa muziki wa gitaa, ilipochota nguvu zake. Mmoja wa waasisi wake, Daniel Owino Misiani, alizaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, eneo lililokuwa Wilaya ya Tarime kabla Wilaya ya Rorya haijamegwa. Bendi yake ya Shirati Jazz ilivuma Kenya na Tanzania mpaka alipofariki mwaka 2006.

Baadhi ya upigaji wa gitaa wa Afrika uliandikwa na watu wengine, si wapigaji wenyewe. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, sasa Likasi, nchini Kongo. Mwaka 1961 na 1962 mtafiti David Rycroft alichapisha uchambuzi wa upigaji wa Mwenda katika jarida la African Music, kwa nota za kawaida.

Tablatura ni maandishi ya aina nyingine: huonyesha mahali pa kidole badala ya kuonyesha sauti. Ina umri mrefu. Mwaka 1507 mchapishaji Petrucci alichapa mjini Venice kitabu cha tablatura ya luti, chombo cha nyuzi. Mwaka 1536 Luis de Milán alichapisha mjini Valencia vipande vya vihuela, chombo kinachofanana na gitaa, na mwaka 1546 Alonso Mudarra akachapisha mjini Sevilla vipande vya gitaa lenyewe.

Tablatura ya leo ina mistari sita, mmoja kwa kila uzi. Mstari wa chini ni uzi mnene, ambao huwa juu gitaa linapopakatwa. Hapo ndipo anayeanza hukosea zaidi. Namba iliyo kwenye mstari ni freti ya kubana, yaani kijiti cha chuma kilicho shingoni mwa gitaa: 3 ni freti ya tatu, 0 ni uzi usiobanwa. Husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, na namba zilizopangana wima hupigwa pamoja.

Kwa hiyo tablatura inafanana zaidi na somo la fundi wa litungu kuliko nota zinavyofanana nalo, kwa kuwa tablatura na somo hilo huanzia kwenye uzi na kidole. Upungufu wake ni mapigo: tablatura nyepesi haisemi sauti idumu muda gani, na benga bila mapigo yake si benga. Anayejifunza na asome namba huku akisikiliza wimbo wenyewe na kugonga mguu chini. Na vijana wa Tarime na Serengeti wenye kujua maandishi haya wawafuate wapiga litungu wazee, waandike nyimbo zao uzi kwa uzi, kwa idhini yao, wangali hai.