Stelingi, adui na kibaka wa hosteli

Najua nimepotea karibu wiki tatu. Testi zilinibana, bumu likachelewa, hata hela ya bando nilikuwa naomba kwa watu. Nimerudi, ila leo sina vichekesho. Naomba mnivumilie, posti ni ndefu.

Alhamisi iliyopita, kama saa tano usiku, nilikuwa napiga msuli nikasikia kelele huko chini: mwizi! mwizi! Basi bwana, nilishuka ngazi na ndala mguu mmoja. Pale kwenye kamba za kuanikia nguo, kijana mmoja alikuwa chini na watu kama thelathini wamemzunguka. Ikasemekana amekutwa na simu mbili na suruali ya jinzi. Wiki moja kabla, mwenzangu wa chumbani alikuwa ameibiwa laptopu yenye utafiti wake wote, alilia siku mbili. Kwa hiyo sikuuliza swali hata moja. Nilimpiga teke yule kijana. Moja tu, lakini nilipiga. Halafu nyuma yangu mtu akauliza nani ana tairi, na watu wakacheka.

Aliyemwokoa ni mlinzi wa getini, mzee wetu mmoja ambaye siku zote tunamtania. Aliingia katikati, akamfunika kwa mwili wake, akasema, “Wanangu, mkimuua huyu, mimi naandika nini kwenye kitabu?” Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Na mimi nikaondoka.

Tangu siku hiyo kinachonisumbua ni ule uhakika niliokuwa nao. Sikumjua, sikumwona akiiba, lakini nilijua kabisa kuwa ni adui. Nimejiuliza uhakika ule niliutoa wapi, na jibu la kwanza lililonijia ni banda la video. Tuliokulia mitaani tunajua sheria za banda: kwenye picha kuna stelingi na kuna adui. Stelingi hafi. Adui anapigwa na watu wanashangilia. Hakuna anayesimama kuuliza adui ana shida gani nyumbani kwao.

Muhula huu natakiwa kuandika insha ya historia ya karne ya 20, na mada nilikuwa sina. Sasa ninayo: picha zimetuelezaje kwa nini mtu anakuwa mhalifu? Hii hapa ndiyo rasimu, mtanisahihisha.

Tuanze mwaka 1903, Marekani. Edwin S. Porter alitengeneza The Great Train Robbery, picha ya kama dakika kumi na mbili, haina sauti. Majambazi wanateka treni, wanapora abiria, wanakimbia na farasi, wanafukuzwa, wanauawa. Basi. Walitoka wapi, kwa nini wameiba, haisemwi. Kisha inakuja ile sehemu maarufu: jambazi anatazama kamera na kuwafyatulia risasi watazamaji. Kwa hiyo yule adui wa banda la video ana umri mkubwa kuliko babu zetu, na alizaliwa bila sababu.

Miaka ya 1930 mambo yakabadilika. Kuanzia 1920 hadi 1933 pombe ilikuwa marufuku Marekani, na magenge yaliyoiuza kimyakimya yalitajirika. Chicago kulikuwa na Al Capone. Tarehe 14 Februari 1929 watu saba waliuawa kwa risasi ndani ya gereji moja katika vita vya magenge. Mwaka huohuo uchumi ukaporomoka, mamilioni wakakosa kazi. Sasa fikiria wewe huna kazi, unaingia sinema, unamwona mtoto wa maskini amevaa suti kali na wanaume wanamwogopa. Ndizo zilikuwa picha za wakati ule: Little Caesar na The Public Enemy za 1931, na Scarface ya 1932.

The Public Enemy naipenda kwa sababu inaanza utotoni. Tunamwona Tom, aliyechezwa na James Cagney, akikulia mitaa ya wafanyakazi yenye mabaa kila kona, na baba yake, polisi, anamchapa bila kusema neno. Wizi mdogo unakuwa mkubwa taratibu. Mwisho anarudishwa nyumbani kwa mama yake akiwa maiti, amefungwa bandeji kama furushi. Anakufa, ndiyo, lakini kwa mara ya kwanza umeona njia aliyopita.

Wakubwa hawakufurahi. Viongozi wa kanisa na vyama vya kiraia walisema picha hizi zinawafundisha vijana ujambazi. Scarface ilicheleweshwa, ikaongezewa maneno ya kuitangaza kuwa ni aibu ya taifa, na ukatengenezwa mwisho mwingine ambao jambazi ananyongwa na serikali. Mwaka 1930 kampuni za sinema zilikubali kanuni za maadili, na kuanzia 1934 zikasimamiwa kwa ukali chini ya Joseph Breen. Kwa kifupi zilisema hivi: mtazamaji asifanywe amhurumie mhalifu dhidi ya sheria, mbinu za uhalifu zisioneshwe kwa undani, na kisasi kisihalalishwe kwenye hadithi za zama hizi. Kanuni hizo zilikaa hadi 1968.

Hapo ndipo nilipositisha kusoma, nikaweka kalamu. Kwa nini watu wazima waogope huruma? Nadhani ni kwa sababu swali la “kwa nini” halikai kwa mtu mmoja. Ukiuliza kwa nini Tom ameiba, utafika kwa baba yake, kwa baa, kwa kazi zisizokuwepo, kwa sheria yenyewe ya pombe. Lawama zinasambaa. Ni rahisi zaidi abaki adui tu.

Wakati huohuo Ujerumani, Fritz Lang alitoa picha inaitwa M, mwaka 1931. Jamani, itafuteni. Kuna mtu anaua watoto. Polisi wanapiga msako kila kona hadi biashara za wahuni zinakwama, kwa hiyo wahuni wenyewe wanaamua kumkamata. Wanamfikisha kwenye mahakama yao ya gizani, umati mzima unataka auawe. Yule muuaji, Peter Lorre, anapiga magoti anasema yeye hawezi kujizuia, kuna kitu kinamfukuza ndani, na ninyi wezi mnaonihukumu mmechagua wizi wenu wenyewe. Umati unacheka. Nilipoangalia mara ya kwanza mwaka jana nilikuwa upande wa umati. Nimeirudia Jumamosi, na kile kicheko nilikitambua. Ni kilekile cha tairi. Na Lang hasemi yule mtu aachiwe, akina mama waliofiwa wamo ndani ya picha. Anachosema ni kwamba umati ule haukuwa mahakama.

Kuna Wataliano nao. Mwaka 1948, vita imeisha miaka mitatu tu, Vittorio De Sica alipiga Ladri di biciclette katika mitaa halisi ya Roma. Stelingi wake, Lamberto Maggiorani, hakuwa mwigizaji, alikuwa fundi wa kiwandani. Antonio hana kazi, anapata ya kubandika mabango, sharti awe na baiskeli. Mke wake anaweka rehani mashuka ya kitanda ili waikomboe. Siku ya kwanza kazini inaibiwa. Anatafuta mji mzima na mtoto wake Bruno, hapati, na mwisho anaona baiskeli imeegeshwa peke yake. Anaiba. Anakamatwa palepale, watu wanamsukuma na kumpiga, mtoto anaona, analia, anamshika baba yake. Mwenye baiskeli anamtazama yule mtoto, anasema mwachieni.

Angalia De Sica alivyotufanyia: muda wote tunamtafuta mwizi, tunamchukia, halafu mwizi anakuwa yule tuliyemjua tangu mwanzo. Na yule wa kwanza aliyeiba, tulipomfikia, alikuwa kijana maskini mwenye kifafa kwenye chumba kimoja na mama yake. Breen alitaka vipande viwili vikatwe ndipo aipitishe Marekani, De Sica akagoma, picha ikaoneshwa bila muhuri na bado ikapewa Oscar ya heshima.

Najua mtasema hayo ya Wazungu. Haya, twende India, ambako wazazi wetu walijifunzia sinema. Baba yangu mpaka leo ukimtajia Amitabh Bachchan anakaa vizuri kwenye kiti. Deewaar, ya Yash Chopra, ilitoka Januari 1975. Baba wa watoto wawili ni kiongozi wa wafanyakazi, anashurutishwa awasaliti wenzake ili familia yake isiuawe. Watu wenye hasira wanamchanja mtoto Vijay mkononi maneno ya kwamba baba yake ni mwizi. Mtoto huyo anakua mkuu wa magendo Bombay, mdogo wake Ravi anakuwa polisi. Yaani umati ndio uliomwandika mhalifu kwa sindano.

Lakini Deewaar haiishii kwenye huruma. Ravi anampiga risasi ya mguu mtoto anayekimbia, kumbe ameiba mkate. Anawapelekea wazazi chakula kwa aibu. Baba wa mtoto, mwalimu mstaafu, anamwambia kuwa wizi ni wizi, uwe mdogo au mkubwa. Maskini mwenyewe ndiye anayekataa kuhurumiwa kwa njia hiyo. Hapo Ravi anaamua kumfuata kaka yake. Kwa hiyo kueleza sio kusamehe, na mwenzangu wa chumbani anayeandika upya sura tatu za utafiti wake angekubaliana na mwalimu yule.

Mwaka huohuo ilitoka Sholay. Mwanzoni Thakur, aliyeuliwa familia yake, alimmaliza Gabbar kwa miguu yake. Bodi ya ukaguzi wa filamu ikakataa, mwisho ukapigwa upya, polisi wanafika na kumchukua Gabbar. Zamani nilikuwa naona walituharibia picha. Wiki hii sina hakika tena. Walikuwa wanatetea serikali yao, sawa, ila pia walifanya kazi ya mlinzi wetu wa getini.

Na sisi je? Wakenya walitoa Nairobi Half Life mwaka 2012, ya David Gitonga. Mwas anauza filamu kijijini kwa kuziigiza mbele ya wateja, anakwenda Nairobi awe mwigizaji, anaibiwa kila kitu siku anayofika, analala rumande, na huko ndiko anakopata marafiki. Anaanza na vipuri vya magari, anafika kwenye bunduki. Ukimwona hatua ya mwisho tu, ni “jambazi”, wananchi wenye hasira kali wanamalizana naye na gazeti linaandika mistari minne. Picha inachukua saa moja na nusu kukuonesha hatua zilizotangulia.

Hiyo ndiyo hoja ya insha yangu, kama ina hoja. Historia ya picha za uhalifu ni ugomvi wa nani aruhusiwe kuuliza “kwa nini”, na penye umati swali hilo huwa halina nafasi.

Jana nilimpelekea mzee wa getini chai na chapati mbili, nikamuuliza yule kijana aliishia wapi. Akasema alikabidhiwa polisi, na kwamba alikuwa anachechemea. Hakuniuliza kama nami nilikuwepo. Nilimwambia mwenyewe. Akanyamaza, akamega chapati, akasema, “Siku nyingine ukisikia kelele, niite mimi kwanza.”

Sijui kwa nini yule kijana aliiba. Labda njaa, labda tabia. Sikumpa nafasi ya kusema.

Nawaachia hapo wadau. Mliokuwepo usiku ule na mnasoma hapa, hata kama hamtaki kusema, najua mpo. Kesho nina prezi saa mbili asubuhi, narudi kwenye msuli.