Mkono Utetemekao

Msomaji, ukimwona mzee wa Nyeri au Karatina akitetemeka mkono, usikimbilie kusema karogwa. Maradhi hayo yaliandikwa na tabibu James Parkinson huko London mwaka 1817. Baada ya 1917 ulienea Ulaya ugonjwa wa usingizi (si malale yaletwayo na mbung'o), na wengi walioponea wakaja kutetemeka na kukakamaa. Ndipo matabibu wakashuku vijidudu. Shaka nyingine yatoka shambani. Parakwati, dawa ya kuua magugu iliyoanza kuuzwa 1962, imepuliziwa mibuni ya Kenya pia. Utafiti wa Marekani wa 2011 uliona maradhi hayo zaidi miongoni mwa walioitumia, ingawa hilo peke yake si ithibati. Basi ukimwamkia mzee huyo, muulize magugu ya mibuni yake aliyaua kwa nini: kwa jembe, au kwa bomba mgongoni?